Neno la Ng'ombe

Solange Pralong hakumwalika yule mwanamke kwa mapenzi. Hilo lieleweke mapema, maana pale kijijini La Crettaz wapo waliosema baadaye kwamba Solange ana roho nzuri, kamkaribisha mgeni kwa rakleti, ule mlo wa jibini la kuyeyushia motoni, nusu gurudumu la jibini la mlimani, divai nyeupe, nyama kavu, kila kitu. Roho nzuri wapi! Solange alikuwa na kijiba cha roho kilichomkaa tangu mwezi wa Machi, na Jumamosi ile ya Oktoba aliamua kukitapika.

Kijiba chenyewe kilikuwa na jina. Kiliitwa Viviane.

Huyu Viviane alitoka Geneva. Alifanya kazi miaka thelathini kwa daktari wa meno, akastaafu, akainunua nyumba ya marehemu mwalimu, ile yenye kibaraza kinachotazama kanisa. Kununua hakukumuudhi mtu. Watu wa mjini huja, hununua, hufungua madirisha mwezi wa Agosti, kisha hao, wamekwenda zao. Tatizo la huyu ni kwamba hakwenda zake. Alikaa majira ya baridi mazima, akajifunza kupasua kuni, akajifunza kuzoa theluji, na kufikia Kwaresima alikuwa ameshamchukua Edwige.

Kumchukua ndilo neno alilotumia Solange, na usingembishia. Solange na Edwige Fauchère walizaliwa wiki moja, Edwige Jumatatu na Solange Ijumaa, miaka sitini na mitatu iliyopita. Walikaa dawati moja. Walivunja ungo mwaka mmoja. Kila mmoja alimsimamia mwenzake harusi, na Marcelin, mume wa Edwige, alipofariki miaka minne nyuma, ni Solange aliyehamia kule kwa mfiwa akalala naye kitanda kimoja siku kumi na moja. Na kila Jumanne, saa nane mchana, mvua au jua, Edwige alikuja kwa Solange wakacheza karata na kusengenya watu.

Walisengenya kwa lugha ya bonde. Ile lugha ya bibi zao pale kijijini ilikuwa imebaki kwenye midomo ya kuhesabika: hao wawili, mzee mmoja kiziwi, na padri mstaafu aliyekuwa akisahau hata jina lake. Watoto walikuwa wanasema Kifaransa tu. Aloys, mume wa Solange, alikuwa mtu wa Fully, kule chini kwenye mashamba ya aprikoti, na katika miaka thelathini na minane ya ndoa hakuambulia neno. Angekaa palepale mezani anasoma gazeti huku anasemwa yeye mwenyewe, soksi zake, mkoromo wake, mama yake, na asiinue hata jicho.

Sasa, tangu Machi, Jumanne zikaanza kuingia dosari.

"Mgongo unaniuma, shoga," Edwige alisema kwenye simu. "Leo sitoki."

"Pole. Nikuletee ule mchuzi wa mifupa?"

"Aa, usijisumbue. Nitalala tu."

Solange akakata simu, akasogea dirishani. Haikupita robo saa akauona ule mgongo unaouma ukipanda njia ya kanisa mbiombio, umenyooka kama wa msichana, daftari la bluu kwapani. Ukaingia kwa Viviane. Ukakaa humo saa mbili na nusu. Solange alisimama pale dirishani muda wote huo na taulo ya vyombo mkononi.

"Wanafanya nini humo ndani?" akamuuliza Aloys.

"Nani?"

"Edwige na yule mng'oa meno."

"Wanakunywa chai, labda."

"Chai ya saa mbili na nusu?"

"Labda ya moto sana," akasema Aloys, akageuza ukurasa.

Ikawa hivyo kila baada ya wiki mbili, kisha kila wiki. Edwige alipofika kwa Solange, siku za kubahatisha, alikuwa amechoka, anacheza karata ovyo, na mara mbili tatu alifungua mdomo kama mtu mwenye jambo, akaufunga. Kila alipoufungua, Solange alimwahi. "Ehe, na rafiki yako hajambo? Kibaraza chake hakijambo? Amekupikia nini jana?" Edwige akanywea. Akasema, "Hajambo," na karata zikaendelea.

Roho ilimuuma Solange jamani, tusifiche. Ilimuuma akikamua ndimu, ilimuuma akisali. Alimwonea gere yule mwanamke kwa mikono yake isiyo na sugu, kwa meno yake, kwa kicheko chake ambacho upepo ukivuma kutoka kanisani kilifika mpaka jikoni. Na ndani ya kicheko hicho alikisikia cha Edwige. Alikuwa hajakisikia kikitoka namna hiyo tangu Marcelin afe. Yeye Solange alijaribu miaka minne kukirudisha, na huyu wa juzi kakirudisha kwa chai.

Basi akaamua. Atamwalika. Atamweka mbele ya moto, mbele ya jibini, mezani pa Solange, na Edwige aone kwa macho yake mtu mwenyewe ni mtu gani: mgeni, asiyejua hata kula. Aone aibu kidogo. Akishaona aibu, Jumanne itarudi kuwa Jumanne. Solange hakutaka kingine duniani.

*

Walikuja pamoja. Hilo la kwanza. Walikuja wameshikana mikono, na Edwige akasema ni kwa sababu njia ina barafu. Barafu ya wapi? Ulikuwa umande.

"Karibuni, karibuni," akasema Solange, akambusu Edwige mara tatu, akampa Viviane mkono. "Karibu, Bi Viviane. Nyumba yetu ni ndogo, utatuvumilia."

"Asante sana, Bi Solange. Nimekuleteeni kitu kidogo." Akatoa chupa ya matango madogo ya siki. "Nimeyatia siki mwenyewe. Edwige ndiye aliyenipa namna ya kuyafanya. Unaweka jani moja la mcheri chini kabisa."

Jani la mcheri! Jani la mcheri lilikuwa la mama yake Solange. Mama yake hakumpa mtu siri hiyo isipokuwa Solange, na Solange hakumpa mtu isipokuwa Edwige, walipokuwa na miaka kumi na tisa, kwa kiapo.

"Mungu akubariki," akasema Solange, akaiweka ile chupa nyuma ya redio.

Moto aliuwasha tangu saa tisa, akauacha uunguze kuni mpaka yakabaki makaa mekundu tupu. Nusu gurudumu la jibini lilikaa juu ya jiwe lake, uso wake wa kukatwa umeelekea makaa. Viazi vilikuwa vimechemshwa na maganda yake, vimefunikwa kitambaa ndani ya kikapu. Aloys alikuwa ameshajimiminia divai. Kazi yake ilikuwa kumimina na kula. Mekoni Solange hakumruhusu kusogea tangu mwaka ule alipounguza gurudumu zima mbele ya shemeji zake.

Sasa mkwanguaji wa jibini ana taabu moja ambayo walio mezani hawaifikirii. Hakai. Anasimama mbele ya moto amewapa watu mgongo, uso unaungua, na masikio ndiyo yanayofanya kazi ya macho. Jibini likianza kulegea na kutokwa jasho, anakwangua kwa mgongo wa kisu, tabaka moja linateleza kwenye sahani, anaipitisha nyuma, anapokea nyingine. Akigeuka kumtazama mtu, jibini linamwagikia makaani. Kwa hiyo Solange alikuwa mwenye nyumba, na wivu wote ule kifuani, na katika nyumba hiyohiyo hakuweza kuwaangalia.

Aliwasikia.

"Vivi, sogea huku, utaungua na huo mvuke wa viazi."

Vivi! Solange akakwangua kwa nguvu mno, jibini likakatika.

Sahani ya kwanza ni ya mgeni. Akaipitisha. Na hapo akatega sikio, maana hapo ndipo alipoutega mtego wake. Watu wa mjini wana adabu zao: hawagusi chakula mpaka kila mtu apate chake. Lakini rakleti haimngojei mtu. Hufika sahani moja moja, na ukikaa nayo kwa adabu inakuwa gundi, na watu wote mezani wanajua wewe umetoka wapi. Solange akangoja ule ukimya wa adabu.

Akasikia uma.

"Kumbe hungoji wenzako, Bi Viviane?" akauliza bila kugeuka, sauti tamu.

"Edwige amenikataza kungoja. Ananiambia jibini likipoa mezani ni tusi kwa aliyesimama motoni."

Yale yalikuwa maneno ya baba yake Solange, yeye aliyetengeneza jibini mlimani majira arobaini. Neno kwa neno. Solange akapokea sahani nyingine.

"Amekuambia kweli," akasema.

Mtego wa pili ulikuwa jagi la maji baridi. Solange hakuwahi kuweka maji mezani siku ya jibini tangu azaliwe, kwa sababu maji baridi juu ya jibini la moto hugeuka jiwe tumboni, na hata mtoto mdogo pale kijijini anajua. Jagi lile alilisimamisha mbele ya Viviane kama mlinzi.

"Na hili jagi la nini?" Aloys akauliza kwa mshangao mkubwa. "Nani anaumwa humu?"

"La mgeni," akasema Solange. "Labda ana kiu."

"Wee, Bi Solange, unataka niamke kesho na jiwe?" Viviane akacheka, kile kicheko chenyewe sasa, ndani ya nyumba yake. "Nipe divai, Aloys. Au chai."

"Safi!" akasema Aloys. "Huyu tumpe uraia."

Edwige akacheka naye. Aloys akacheka. Solange akawasikia watatu wanacheka nyuma ya mgongo wake, pamoja na mume wake wa ndoa, na akajiona yeye ndiye mtumishi wa kuajiriwa katika karamu ya watu wengine. Jasho lilimtiririka. Akachukua sahani. Akakwangua. Akapitisha. Ya nne, ya tano. Alisikia Viviane anaulizia kiazi, anasifia jibini, anauliza ng'ombe walikula majani ya upande gani wa mlima. Na Edwige anamjibu kwa subira ya mwalimu. Hakuna aliyemuuliza Solange lolote.

Jibini lilipofika mahali pake, gamba la pembeni likaanza kuiva na kujikunja. Ule ukoko wake sisi tunauita mtawa, na ndio utamu wenyewe, ndio watu wanaougombania. Mtu wa Geneva akiuona anadhani ni ganda; anausukuma kando ya sahani kwa ncha ya kisu kama kitu kilichoanguka humo kwa bahati mbaya. Solange akaukata mzima, wa kahawia, unaopasuka, akauweka kwenye sahani ya Viviane. Safari hii hakuridhika na masikio. Akageuza shingo.

Viviane aliuchukua kwa vidole. Akaukunja, ukavunjika katikati, pa! Nusu akaiweka mdomoni. Nusu ya pili akampa Edwige, bila kumtazama, kama mtu anavyomfanyia mtu wake wa siku zote. Na Edwige akaipokea bila kutazama.

Solange aliona giza. Nusu ile ilikuwa yake. Miaka hamsini na kitu, kwenye kila meza, kwenye kila harusi na kila matanga, mtawa alivunjwa nusu kwa nusu kati ya Solange na Edwige, na hapakuwa na mtu bonde zima asiyejua. Akaugeukia moto, na bila kugeuza uso tena, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi, akasema kwa lugha ya bonde:

"Umemfuga vizuri. Anakula mkononi sasa."

Nyuma yake uma ukagonga sahani.

"Solange, nyamaza," Edwige akamjibu kwa lugha ileile.

"Ninyamaze nini? Nyumba ya mwalimu kainunua, kibaraza kakinunua, akaona bado ana chenji, akakununua na wewe. Kwa chai."

"Solange, nakuomba. Usiendelee."

"Mnasema nini nyie?" Aloys akauliza, kinywa kimejaa.

"Tunasema viazi," akasema Solange kwa Kifaransa, kisha akarudi kwenye ile nyingine. Alikuwa ameshashika mteremko, hakuna wa kumzuia. "Na wala hukuwa ghali, mwenzangu. Tangu Marcelin afe, yeyote anayekuonyesha meno unamganda. Mimi nilikulaza siku kumi na moja kama mtoto, nikakufuta makamasi. Asante yangu ni nini? Mgongo unakuuma! Marcelin angekuona unavyoshikana mikono njiani na huyu kibogoyo wa kununua meno, angefurahi kwamba amekufa mapema."

Lilipomtoka hilo la mwisho alilijua ni baya. Alilijua palepale. Lakini alijiambia limesemwa kati ya wawili, kama maelfu mengine kabla yake, na kati ya wawili mtu anaweza kulirudisha.

Akangoja sauti ya Edwige. Iliyokuja haikuwa ya Edwige.

"Mimi," ilisema, polepole, kama mtoto anayesoma kwa kidole, "mimi sinunui mtu."

Ilisema kwa lugha ya bonde.

Solange akageuka mzima, kisu mkononi. Viviane alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Ameweka uma chini, mikono yote miwili juu ya meza, anatafuta maneno hewani.

"Edwige ananifundisha mimi. Kila Jumanne. Maneno mia tatu, sasa. Ni kwa wewe. Ni... ni ya kushtukiza. Tulingoja mimi nijue zaidi." Akavuta pumzi. "Kwa sababu Edwige anateremshwa. Mwezi wa kumi na moja. Anateremshwa Basel."

Edwige akafunga macho.

Solange akacheka. Aibu ilikuwa imemjaa mpaka kooni, na kicheko ndicho kilichopata njia. Katika lugha ya bonde kuna neno la ng'ombe wanaposhushwa Septemba kutoka malishoni, na kengele zao na maua vichwani, na neno hilo halitumiki kwa binadamu hata kwa mzaha.

"Anateremshwa!" akasema. "Na maua mmeshamfunga? Kengele je, anavaa ipi?"

Hakuna aliyecheka naye. Edwige alikuwa amefumbua macho, anamtazama, na uso wake ulikuwa uleule wa asubuhi aliyofariki Marcelin. Ndipo neno la pili likamfikia Solange, lile la mji.

"Basel," akasema. "Basel kuna nini?"

"Jibini!" Aloys akapiga kelele. "Solange, jibini!"

Lilikuwa linashuka kwa kipande kizima kwenye makaa, linachemka, moshi mweusi unapanda. Aloys akaruka, akamnyang'anya kisu, akalivuta lile jiwe nyuma kwa taulo. Solange hakumkataza. Akavuta kiti, akakaa mezani kwa mara ya kwanza jioni ile, mkabala na Edwige.

"Basel kuna Maude," akasema Edwige. Maude alikuwa binti yake. "Mapacha wanatimiza mwaka. Mumewe anafanya kazi za zamu, Maude mwenyewe anarudi kazini Januari. Wana chumba chini, kina bafu lake. Waliniomba mwezi wa pili. Nikakubali."

"Mwezi wa pili."

"Ndiyo."

"Leo ni Oktoba, Edwige. Miezi minane unanitazama usoni na kunitupia karata!"

"Nilikuwa natafuta siku ya kukuambia. Kila nikija, kabla sijavua koti, ni Viviane huyu, Viviane yule, kibaraza, chai, meno. Unanichoma mpaka nasahau nilichokuja nacho. Nimeshakuja na hilo neno mdomoni mara ngapi! Huniachii pa kuliweka."

Solange alitaka kukana, akakumbuka ule mdomo uliofunguka na kufungwa juu ya karata. Mara mbili, mara tatu. Mara zote ni yeye aliyeufunga.

"Na huyu?" akauliza, bila kumtazama Viviane. "Huyu anaingiaje?"

"Alikuja mwenyewe kuniuliza maneno, tangu wakati wa theluji. Nikamwona ana sikio. Nikafikiri..." Edwige akasita. "Nikiondoka hapa, wewe utasema na nani? Na padri? Utasema Kifaransa na Aloys mpaka ufe? Nikafikiri angalau awepo mmoja wa kukujibu."

"Kwa hiyo umenitafutia mbadala," akasema Solange, na sauti ilianza kumpasuka. "Ng'ombe wa maziwa anaondoka, zizini anaingizwa mwingine, mwenye nyumba asikose kikombe chake. Umemfundisha matango. Umemfundisha mtawa. Umempa na maneno ya baba yangu!"

"Nilimpa nilichonacho. Ningempa nini kingine? Vyote nilivyonavyo vina mkono wako ndani."

Solange akaitazama ile chupa ya matango nyuma ya redio. Na jambo la ajabu, ule wivu haukuondoka. Angetamani uondoke, angepumua. Ulichofanya ni kugeuza uso. Miezi saba aliuelekeza kwenye kibaraza cha mwalimu, na muda wote Edwige alikuwa akichukuliwa na watu wawili wenye meno ya kuhesabika, wa mwaka mmoja, wanaolala saa hizi kule Basel bila habari. Hao ndio watakaosikia kile kicheko. Watamsikia jikoni asubuhi akijisemea mwenyewe kwa lugha ya bonde, kama anavyojisemea, na watadhani ni sauti tu ya bibi. Solange aliwaonea gere watoto wachanga. Alijua ni dhambi na bado aliwaonea.

"Lile la Marcelin," akaanza.

"Umeshalisema," Edwige akamkata. Machozi yalikuwa yanamshuka, hayafuti. "Limeniuma. Tutalizungumza tukiwa wawili. Siyo leo."

"Nisamehe, shoga."

"Siyo leo, nimekwambia."

Aloys, pale mekoni, alikuwa amesimama na kisu hewani, haelewi hata neno, anamtazama mkewe na mgeni na Edwige kwa zamu. "Kuna mtu anataka jibini?" akauliza taratibu kwa Kifaransa. Akakwangua kidogo, kwa uangalifu mkubwa, akajilia mwenyewe.

Viviane alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa ametukanwa katika nyumba aliyokuja na chupa ya matango, na angeweza kuchukua koti lake, na hakuna ambaye angemlaumu. Alipoinua uso alimtazama Solange moja kwa moja.

"Nimekosea neno, sivyo?" akasema, bado kwa lugha ya bonde, ile yake ya kuunga unga. "Ulicheka. Lile la Edwige. Nimekosea."

Solange angeweza kuliacha lipite. Jibu la upole lilikuwa hilo: hapana, umesema vizuri. Lakini sikio lake halikuweza kulivumilia lile neno, hata katika hali ile.

"Umekosea," akasema. "Edwige hateremshwi. Ng'ombe ndio wanateremshwa. Wanashuka Septemba, mwezi wa sita wanarudi juu."

"Na mtu je? Mtu akienda, asirudi. Mnasemaje?"

Solange akamgeukia Edwige, kwa kuwa Edwige ndiye mwalimu, na neno ni la mwalimu kulitoa. Edwige akatikisa kichwa. Kiganja alikuwa amejifunika nacho mdomo.

Ikabaki kwake. Alilijua tangu utotoni, walilitumia kwa waliokwenda Amerika na kwa waliokwenda viwandani, neno fupi tu. Akalisema, haraka, akiangalia meza.

Viviane akalirudia. Mwisho wake aliukosea, aliumeza.

"Siyo hivyo," akasema Solange. Akajifuta uso kwa taulo ya vyombo, akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. "Usiniangalie macho, niangalie mdomo. Sikiliza." Akalitamka tena, polepole, silabi kwa silabi, ili lisikike vizuri: "Edwige anahama."